Edelmira Oyarzún na Jicho la Nyuma ya Gari

Mmenisumbua vya kutosha. Tangu Pasaka mnaniingilia jikoni mmoja mmoja, "Andika ile ya Edelmira na kamera, wewe ulikuwepo, andika kabla hujasahau." Sijasahau chochote. Shule niliacha darasa la tatu, kalamu naishika kama mwiko, na mkono huu una kazi zake nyingine. Lakini nimewasikia wanaume wa gatini wakiisimulia vibaya, wakimtanguliza Sandalio, mkuu wa gati, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Basi naiandika mimi, na atakayesema haikuwa hivyo aje mlangoni aniambie.

Edelmira Oyarzún alikuwa na miaka sabini na mmoja na shingo isiyogeuka. Ilikakamaa zamani, enzi za kubeba magunia ya mwani kutoka ufukoni kila maji yanapokupwa, na haikulegea tena. Ukimwita kwa nyuma aligeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Mwenyewe alisema shingo hiyo ni neema, maana haimlazimishi kuwatazama watu asiotaka kuwaona.

Mumewe Belarmino, fundi seremala wa boti, alimwachia nyumba juu ya kilima na gari la kulala. Gari lenyewe zamani lilisambaza mikate. Belarmino alilinunua likiwa tupu kama kopo, akaliwekea kitanda, jiko dogo la kuni lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, na kuta zote akazifunika kwa mbao, ubao umeuma ubao, bila msumari hata mmoja kuonekana. Miezi saba alifanya kazi hiyo. Walisafiri nalo mara mbili tu, kisha moyo ukamsimama akiwa anachonga kasia.

Baada ya mazishi mwanawe alikuja kutoka bara na wazo la kuliuza.

"Mama, wewe huendeshi. Litaota kutu hapo."

"Nani amekwambia siendeshi?"

"Mama, hujawahi kushika usukani maisha yako yote!"

"Basi bado sijaharibu kitu," alisema Edelmira. Akauchukua ufunguo, akautumbukiza ndani ya sidiria, na ukakaa humo mpaka kijana alipopanda basi la kurudi alikotoka. Mwaka ule ule, akiwa na miaka sitini na tisa, alijifunza kuendesha. Kwenda mbele aliweza vizuri, tena kwa madaha. Shida ilikuwa kurudi nyuma.

Na huku kwetu visiwani Chiloé kurudi nyuma hakukwepeki. Pantoni ya kwenda kisiwa cha Cailahue ina mlango mmoja tu, kwa hiyo kila gari huingia kinyumenyume likitelemka gati, ili ng'ambo lishuke kwa mbele. Vijana huliingiza gari huku wanakula tufaa. Edelmira alijaribu mara moja, mwezi Januari, akienda kumwona dada yake Orfelina.

Sasa lazima mwelewe watu wa kwetu walivyo. Mtu wa huku amekulia kwenye minga, ile kazi ya ujirani ya kuing'oa nyumba nzima na kuivuta kwa ng'ombe na kamba mpaka mahali papya. Tangu utotoni anajua kwamba kitu kikubwa kikianza kusogea, wajibu wake ni kupiga kelele. Basi gari la Edelmira lilipoanza kurudi nyuma pale gatini, milango ya magari yote ya foleni ilifunguka, wakashuka watu kumi na wanne.

"Kulia! Kulia, mama!"

"Kulia wapi, anaingia majini! Kushoto!"

"Simama!"

"Usisimame, utateleza! Kanyaga!"

Hata padri alikuwa na maoni yake. Edelmira, ambaye hakuweza kugeuza shingo kuona nyuma, aliwatii wote, mmoja baada ya mwingine, na gari likaenda kuukumbatia mwimo wa lango la pantoni. Chuma kilipinda. Bampa likabaki linaning'inia.

Mkuu wa gati, Sandalio Mansilla, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuja akainama, akatazama, akainuka.

"Bi Edelmira, nakuheshimu. Lakini ukiigusa pantoni yangu tena, gari hili litavuka siku litakapoota mapezi."

Edelmira akarudi nyumbani kwa mbele, mdomo umefungwa kama pochi.

Wiki tatu baadaye Orfelina alipiga simu. Bahari ilikuwa imekula ukingo wa shamba lake mpaka kwenye uzio, na sasa nyumba ilibidi ivutwe mita mia nne kupanda juu. Minga ilikuwa imepangwa Jumamosi ya mwisho ya Februari. Ng'ombe wamepatikana, kamba zimepatikana, magogo ya kuviringishia yamekatwa.

"Na wewe utalala wapi?" Edelmira aliuliza.

Maana nyumba inayovutwa hailaliwi. Jiko hutolewa, mabomba hukatwa, na siku tatu nne huwa ni sanduku tupu tu. Nyumba za majirani wa Orfelina zilikuwa zimeshajaa wageni wa kazi hiyo. Na Orfelina alikuwa na miaka sabini na minane na nyonga iliyofanyiwa upasuaji mara mbili.

"Nitalala kwenye kiti," Orfelina alisema. "Si siku nyingi."

"Kwenye kiti! Ukilala kwenye kiti utaamka umekunjika kama kisu cha mfukoni, nani atakukunjua? Nina kitanda chenye magurudumu na jiko lake. Nakuja nacho."

"Edelmira, Sandalio alisema..."

"Nilimsikia Sandalio. Nina shingo mbovu, masikio ninayo."

Pantoni ya magari huvuka Alhamisi. Ilibaki Alhamisi moja tu ya kufaa, na siku kumi mbele yake.

Jirani yake wa chini, Nolberto Chiguay, alikuwa fundi umeme wa boti zinazohudumia vizimba vya samaki. Edelmira alimkuta uani anaosha buti.

"Nitakuendeshea mimi, jirani," Nolberto alisema kabla hata hajaulizwa, maana kilima kizima kilishajua. "Naomba ruhusa kazini, nakuvusha, narudi."

"Nimekuomba kuvushwa? Nimekuja kuuliza kama kuna dawa ya shingo."

"Ya shingo sina. Ya gari ipo. Kamera. Unaifunga nyuma, unaona nyuma ukiwa umetazama mbele. Boti zetu zote zinazo."

Edelmira aliitafuna habari hiyo.

"Na waya wake unapita wapi?"

"Kutoka nyuma hadi mbele, chini ya zile mbao za ukutani. Ntazing'oa chache tu..."

"Hakuna ubao unaotoka."

"Jirani, ni mbao nne."

"Nolberto. Hata ukiniambia ni nusu ubao. Zile mbao zimewekwa na Belarmino na zitatoka na mimi nikiwa ndani."

Nolberto akajikuna kichwa, kisha akasema kuna nyingine isiyotaka waya wa kupita: kamera inarusha picha hewani kama redio, na skrini inaidaka kule mbele. Waya ni wa umeme tu, tena mfupi, kutoka kwenye taa ya rivasi. Edelmira akasema hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo, tena alishangaa kwa nini fundi mzima amechelewa kuitaja.

Kamera ilikuja na basi kutoka mjini Castro, ndogo kama kizibo cha chupa. Nolberto akaja asubuhi na drili, testa na koleo. Kwetu jirani halipwi, analishwa, kwa hiyo Edelmira alikuwa ameshaanza kukuna viazi vya milcao, ile mikate mizito yenye vipande vya nyama ya nguruwe ndani, na mafuta yalikuwa yanachemka.

"Weka rivasi, lakini usiwashe injini!" Nolberto alipiga kelele akiwa amelala chali chini ya gari.

Edelmira akaweka rivasi. Nolberto akagusisha testa kwenye nyaya za taa moja moja mpaka testa ikawaka. Akaunga waya mwekundu wa kamera hapo. Ule mweusi akaufunga kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, akazungushia tepu kila kiungo kwa sababu ya chumvi. Kisanduku cha kurushia picha akakichomeka nyuma ya taa. Alitoboa bati tu. Edelmira alikuwa amesimama karibu na mwiko mkononi kuhakikisha drili haionji mbao.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwenye mkia wa kamera kulikuwa na kitanzi kidogo cha waya mweupe. Nolberto akakikata bila kufikiri, kama anavyokikata kwenye kila kamera ya boti, akasahau papo hapo kwamba amekikata.

Skrini ilichomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Mara ya kwanza ilionyesha chengachenga tupu.

"Ni theluji hiyo?" Edelmira aliuliza.

"Ni lile jiko lako la chuma, linazuia mawimbi."

Nolberto akakihamisha kisanduku juu, kwenye mpira wa dirisha la nyuma. Chengachenga zikatulia, na ghafla uani kote kukaingia ndani ya kioo cha ukubwa wa kiganja.

"Kuku wangu!" Edelmira alipiga kelele. "Tazama, wote wamo! Na yule mwenye madoa amepungua mwili, sikuwa nimeona."

Nolberto akala milcao saba, akasifu ya sita kuliko ya tano, akashuka kilimani kwenda kuanza zamu yake ya siku nane kwenye boti.

Alasiri ile Edelmira alijaribu peke yake. Kwenye skrini aliona rundo la kuni liko upande wa kushoto. Akazungusha usukani kulikwepa, akakanyaga taratibu, na akaligonga rundo lote, kuni zikabingirika mpaka kwenye bustani ya vitunguu.

Akashuka, akasimama akilitazama, mikono kiunoni.

"Nani amelisogeza?"

Hakumpigia simu Nolberto. Fundi alishakula na kuondoka. Kumwita tena ni kama kusema chakula hakikutosha. Siku ya pili akapanga ndoo mbili, kila moja na fimbo ndani, akajaribu kupita katikati. Ndoo ya kulia ikalala. Akajaribu tena, ikalala ya kushoto. Baada ya ndoo ya tano akazima injini, akakaa akiitazama ile skrini kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mkwe mpya.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Wewe unasema kinyume. Sawa. Nimeishi na Belarmino miaka arobaini na minne, nawajua watu wa namna yako."

Tangu hapo kila alichokiona kushoto alikichukulia ni kulia, na cha kulia kushoto. Siku ya kwanza kichwa kilimuuma. Siku ya tatu alikuwa anaangusha ndoo moja tu kwa kila mara tano. Wanawake wa kilima tulikuja na vibuyu vyetu vya chai ya mate na sufu zetu, tukakaa kwenye benchi kutazama, maana burudani si nyingi.

"Edelmira, kuku wako wameanza kutembea kinyumenyume!"

"Hao wanajifunza. Nyie mnafuma tu."

Siku ya saba aliziondoa ndoo na kuviringisha mapipa mawili ya chicha, yamejaa ile pombe yetu ya tufaa ya mwaka huo, akaacha katikati upana wa lango la pantoni na viganja viwili. Benchi lote likaweka sufu chini. Akapita. Akatoka, akapita tena. Mara ishirini, wala pipa halikutikisika.

Jumatano jioni Nolberto akarudi kutoka zamu, akapitia kuona kazi yake. Akaingia garini, akaweka rivasi, akatazama skrini. Akatoa kichwa nje ya dirisha, akatazama nyuma: lile benchi letu liko kushoto. Kwenye skrini liko kulia.

"Jirani. Nimekuua."

"Bado niko hai. Kuna nini?"

"Nilikata kitanzi! Kwenye boti tunakikata ili picha ioneshe kizimba kama unakitazama dirishani. Gari linataka picha kama ya kioo cha pembeni, kushoto kubaki kushoto. Umekuwa ukiendesha hivi siku nane?"

"Nimekuwa."

"Na hukuniambia!"

"Nikwambie nini? Nilidhani ndivyo zilivyo."

Nolberto alishatoa koleo. "Dakika mbili. Nauunga ule waya, picha inageuka, kesho unavuka kama malkia."

"Rudisha koleo mfukoni."

"Jirani, ni kosa langu, niache nilirekebishe!"

"Kosa lilikuwa lako siku ya kwanza. Sasa ni langu, nimelifanyia kazi. Mkono umeshajua. Ukigeuza picha leo, kesho saa nne nitajifunza upya wapi, pale gatini, mbele ya Sandalio?"

Nolberto akarudisha koleo mfukoni. Akanung'unika tu kwamba mtu mwingine akiliendesha gari hilo ataangusha kanisa.

"Ndiyo maana haliendeshwi na mtu mwingine," alisema Edelmira.

Alhamisi kulikuwa na manyunyu. Magari tisa kwenye foleni, na ilipofika zamu ya Edelmira milango yote ilikuwa imeshafunguka. Alipandisha vioo vya madirisha pande zote mbili. Midomo ikafunguka na kufumba huko nje, mikono ikazunguka, yeye akasikia injini yake tu. Nolberto alikuwa pembeni ya gati, amevua kofia, koleo linaonekana mfukoni.

Akaweka rivasi. Skrini ikawaka. Katikati ya picha kulikuwa na doa kubwa linalotetemeka: tone la mvua. Edelmira akavuta breki ya mkono, akashuka bila haraka, akazunguka nyuma, akaipangusa kamera kwa ncha ya aproni, akazunguka tena, akapanda. Mtu wa gari la nyuma akapiga honi. Edelmira akashuka tena, akamtazama, akapanda.

Mara hii picha ilikuwa safi, na katikati yake alisimama Sandalio, miguu imetanuka, mikono yote miwili juu, filimbi mdomoni. Edelmira akateremsha kioo.

"Sandalio! Toka kwenye picha yangu."

"Picha gani? Mimi ni mkuu wa gati!"

"Wewe ni mkuu wa gati, na umeniziba."

"Nakuonyesha njia, mama!"

"Mlinionyesha Januari."

Foleni nzima iliangua kicheko. Sandalio akakunja mikono, akasogea kando. "Haya. Lakini ukigusa tu, hata kwa unywele, unageuza unarudi nyumbani. Na dada yako nitampelekea salamu."

Kioo kikapanda. Akilini Edelmira alimwona Orfelina amelala kwenye kiti, kidevu kifuani, ile nyonga imekaa vibaya. Akaachia klachi.

Gari likatelemka. Mwimo uliopinda Januari ukaingia kwenye skrini kutoka kushoto, ukikua. Mkono ukazungusha usukani kama ulivyozoea kwenye mapipa. Mwimo ukarudi nyuma kidogo, ukasita. Hapo ndipo Nolberto alipougonga ubavu wa gari kwa kiganja: "Kulia, jirani! Kulia!" na hilo moja likapenya kioo. Na kwa mpigo mmoja Edelmira hakujua tena. Kulia kwa nani? Kwa Nolberto, kwa skrini, kwa gari? Akakanyaga breki.

Akayaondoa macho kwenye skrini, akayaweka kwenye vidole vyake. Akavikunjua, akavikunja tena juu ya usukani. Halafu akatazama skrini kana kwamba ni uani kwake na mwimo ule ni pipa, pipa la kushoto, lile lenye pete ya kutu, na akaachia breki. Magurudumu ya nyuma yakadunda kwenye sakafu ya chuma. Kisha ya mbele. Mnyororo wa mwisho wa pantoni ukashuka kwenye skrini mpaka chini ya picha, akasimama.

Sandalio akaenda nyuma akainama. Akapima kwa mkono kati ya bampa na mnyororo, akazunguka akapima upande wa mwimo. Alijichelewesha, maana kila mtu alikuwa anamtazama.

"Vidole vinne," alisema. Akapigilia kabari chini ya gurudumu, akafunga mnyororo. Kisha akachungulia dirishani. "Ndiyo hiyo kamera yenyewe?" Akatazama kulabu ya mnyororo kwenye skrini, akageuka kuitazama yenyewe. Akatazama skrini tena. "Mbona imegeuka? Bi Edelmira, hii iko kinyume!"

"Iko hivyo."

"Na umewezaje kuingia?"

"Muulize fundi."

Wote wakageuka kumtafuta fundi. Nolberto alikuwa amepiga goti pale gatini, anafunga kamba za buti, na buti zake zilikuwa za mpira.

Orfelina alilala kwenye kitanda cha Belarmino siku nne, upande wa ukutani, baada ya mabishano makali ambayo Edelmira alishindwa kwa sababu mwenzake ni mkubwa. Jiko la kuni liliunguruma, nyonga ikapata joto, na Jumamosi Orfelina aliamka akanyooka, akatembea kwa miguu yake mwenyewe nyuma ya nyumba yake ilipokuwa inapanda shamba na ng'ombe jozi kumi mbele. Nyumba ilifika salama. Jiko likafungwa, bomba likaungwa, mlango ukafunguka bila kukwama. Jumapili Orfelina akahamia ndani, akakaa saa moja, akatoka na mto wake kwapani.

"Humo ndani kuna mwangwi," alisema. "Sogea."

Wakakaa garini wiki nzima nyingine, Alhamisi ikapita, wakaiacha ipite.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na nimechoka mkono. Sasa wewe uliyekuwa unasoma umekunja nne: siku ile ya minga nilikwenda na sufuria langu kubwa, lenye mpini mmoja na herufi R imekwaruzwa chini, nikarudi bila. Wote waliokuwepo wameapa. Nenda jikoni kwako sasa hivi, geuza masufuria yote, utazame chini. Ukiliona, nisionyeshwe uso, liache mlangoni, likiwa limesuguliwa.